Jinsi ya kuhudhuria mhadhara wa umma chuoni hata kama hujawahi kusoma hapo

Mimi nina saiba ndogo hapa Kisumu, na kama unajua kazi ya saiba unajua hakuna kitu kinapita hapa mjini bila kupitia kwa printa yetu, kuanzia programu za mazishi mpaka makaratasi ya tenda za kaunti. Sasa miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa chuo akaja na flashi akataka nimtolee posta za rangi, yaani mabango ya lekcha ya profesa mgeni kutoka ng'ambo. Nikiwa nazikata kingo nikaona pale chini imeandikwa watu wote mnakaribishwa, kiingilio bure. Nikamuuliza, hawa watu wote ni kina nani? Akacheka, akasema ni mtu yeyote mzee, hata wewe. Nilidhani ananichezea.

Lakini nilienda. Na nimeenda nyingi tangu hiyo siku, Maseno, Bondo, Kakamega, mara moja hadi Njoro kwa sababu kulikuwa na harusi ya binamu Nakuru siku iliyofuata nikaunganisha safari. Wateja wangu wananiulizaga naingiaje huko kama sina digrii, so nimeona niandike yote mara moja, ndio nikiulizwa tena natuma tu hii.

Kwanza toa hiyo uoga. Mhadhara wa umma haujaitwa hivyo kwa urembo. Hii desturi ya kumleta msomi mkubwa aongee mbele ya watu wa kawaida ni ya zamani sana, kule Uskoti kulikuwa na jaji mmoja akiitwa Adam Gifford, alikufa 1887 akaacha kwa wosia pauni 80,000 zigawiwe vyuo vinne, Edinburgh, Glasgow, St Andrews na Aberdeen, viwe vinaita watu wa kufikiri waje kutoa mihadhara. Na mzee wa watu alikuwa ameona mbali, akaandika kwa wosia wenyewe kwamba mihadhara iwe wazi kwa jamii yote, si wanafunzi peke yao, na mtu asiitishwe kujiandikisha chuoni ndio aingie. Akasema pia anayeongea anaweza kuwa wa dini yoyote au hana dini kabisa. Ilianza 1888 na inaendelea mpaka leo. Huo ndio moyo wa hii kitu, so ukifika kwa geti na soja anakuangalia viatu, kumbuka jaji.

Halafu jua unaenda kwa nini, ju si kila tangazo la chuo ni mhadhara wa umma. Kuna kongamano, hiyo wanasoma karatasi za utafiti siku mbili tatu na ukiangalia vizuri kuna ada ya kujiandikisha, na inaweza kuwa pesa ya maana, usiende ukashtukia mlangoni. Kuna semina ya idara, hiyo ni watu kumi na tano kwa chumba kimoja wanabishana mambo yao, unaweza kuingia ukiomba lakini hutaelewa sana. Kuna mhadhara wa profesa mpya, yaani mtu amepandishwa cheo kuwa profesa kamili sasa anasimama mbele ya chuo na majoho kueleza kazi aliyoifanya maisha yake yote, hii ni tamu sana na watu wa nje huwa hawajui kama wanaruhusiwa. Kuna za ukumbusho, zimeitwa jina la mtu mashuhuri, mara nyingi aliyeenda. Na kuna hii sasa tunaongelea, mgeni mashuhuri. Hizi tatu za mwisho kwa kawaida ni bure.

Za ukumbusho wengi mnaijua moja bila kujua mnaijua. Mnakumbuka Julai 2018 Obama alivyokuja Kogelo, akacheza kidogo na nyanya yake pale Sauti Kuu, kila mtu akapiga picha? Kesho yake alikuwa Johannesburg akitoa mhadhara wa kila mwaka wa Nelson Mandela. Hiyo ilianza 2003 na Bill Clinton, na Wangari Maathai wetu aliitoa 2005. So mtu akikuambia lekcha ni za watu wa miwani mwambie huyo jamaa wa Kogelo alitoa moja kwa uwanja wa kriketi.

Kuzipata ndio watu wengi hushindwa. Tovuti ya chuo ni sawa lakini mara nyingi tangazo linawekwa siku mbili kabla, ama linawekwa baada, na picha za watu wakikula. Kurasa zao za Facebook na X ziko afadhali. Lakini njia ya kweli ni watu. Tafuta komredi mmoja, yaani mwanafunzi wa chuo, au mhadhiri mmoja, hata karani wa idara, mwambie akiona posta ya mhadhara wa umma akurushie kwa WhatsApp. Ukikosa, ongea na mtu wa saiba au wa kupiga kopi karibu na chuo, sisi tunajua mapema kuliko vaisi chansela. Ubao wa matangazo wa maktaba pia usiudharau. Na uangalie kalenda, wiki za mitihani hakuna kitu, likizo ndefu hakuna kitu, na mgomo wa wahadhiri ukianza ndio kabisa, kaa nyumbani.

Kusoma posta nayo ni kazi. Posta zetu zina sura saba. Kuna chansela, kuna vaisi chansela, kuna naibu wake wa taaluma, kuna mkuu wa kitivo, kuna mgeni wa heshima ambaye ni mtu wa serikali, na kwa kona chini kabisa unapata picha ndogo ya yule mtu amesafiri saa kumi na sita kuja kuongea. Tafuta huyo. Tafuta pia mada. Kama mada ni maneno matupu kama "maendeleo endelevu na mustakabali wa vijana" na hakuna jina la mzungumzaji, hapo jua ni siku ya hotuba, na mimi siku hizi hizo siendi.

Na saa. Posta ikisema saa nane mchana ujue saa nane ni ya viti kupangwa. Wageni wanaingia nane na nusu, kunaombwa, kunaimbwa wimbo wa taifa na wa jumuiya ya Afrika Mashariki na wa chuo, halafu anakuja mtu wa kumkaribisha mtu wa kumkaribisha mgeni, kila mmoja anasema itifaki imezingatiwa halafu anaanza kuizingatia upya jina kwa jina. Mzungumzaji mwenyewe utamsikia karibu saa tisa na nusu. Lakini usijifanye mjanja uende saa tisa na nusu, ju siku utakayofanya hivyo ndio mgeni ana ndege jioni na wameanza saa nane kamili, imenipata hiyo. Fika mapema, kula kabla, beba maji.

Sasa hapa ndio nataka mnisikize vizuri kwa sababu ndio inatofautisha mtu aliyeenda na mtu aliyepeleka mwili. Siku moja kabla, chukua nusu saa umtafute huyo mzungumzaji. Si wasifu wake, wasifu utasomwa pale na emsii mpaka uchoke. Tafuta kitu kimoja alichoandika na usome, hata kama ni kurasa mbili za mwanzo na ya mwisho. Ama tafuta YouTube kama ameshaongea mahali pengine, wengi wao wana lekcha moja wanayozunguka nayo dunia nzima, ukiisikia nyumbani ukiwa umelala kwa kochi basi pale holini utasikia ni wapi amebadilisha na utakuwa na swali tayari wakati wengine bado wanatafuta biro.

Angalia pia amekuja kupitia wapi, hii watu hawajui na ni muhimu sana. Wageni wengine wanakuja asubuhi wanaenda jioni. Lakini wengine wamekuja kwa mipango ya kukaa. Fulbright ya Marekani, ile ilianza 1946, inaleta wahadhiri ambao wanaweza kukaa muhula mzima au hata mwaka wa masomo. Kuna ingine ya Carnegie ya wasomi wa Kiafrika wanaoishi Marekani na Kanada, ilianza 2013, hiyo mtu anarudi kwa chuo cha huku siku 14 mpaka 90. So ukiona kwa wasifu ameandikwa hivyo, jua huyo mtu yuko hapa hapa wiki nyingi, ana ofisi idarani, anakula samaki kama sisi, na hakuna haja ya kumsukuma siku ya mhadhara, unaweza kuomba kumwona Jumanne.

Na hili la jina profesa. Kwetu profesa ni mtu amefika juu kabisa ya ngazi. Marekani hata mhadhiri aliyeanza juzi ana cheo chenye neno profesa ndani yake, so usitishike na neno peke yake na pia usidharau mtu ameandikwa daktari tu, angalia kazi. Calestous Juma alizaliwa Port Victoria huko Budalangi akaanza kwa kufundisha shule ya msingi, akamaliza akiwa profesa Harvard, alifariki Desemba 2017. Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alianza na kukusanya historia ya Wajaluo kwa kusikiza wazee wakisimulia, wakati wasomi wengi walikuwa wanasema kisichoandikwa si historia. Hawa ni watu wa huku kwetu. Nasema hivyo kwa sababu kuna tabia ya kudhani msomi mashuhuri lazima ashuke na ndege.

Kufika. Maseno toka Kisumu unapanda matatu ya Luanda au Busia, unapita Kisian, unapanda kilima, unashukia Maseno penyewe kwa mstari wa ikweta. Bondo ni hiyo hiyo barabara mpaka Kisian halafu unakata kushoto, Holo, Ndori, mpaka Bondo, chuo cha Jaramogi kiko hapo. Masinde Muliro iko Kakamega mjini kwa barabara ya Webuye, boda inakufikisha haraka. Watu wa Nakuru nyinyi mna Egerton kule Njoro, hakikisha matatu inafika Egerton yenyewe maana zingine zinaishia Njoro mjini na kutoka hapo bado kuna mwendo, na ubebe sweta, Njoro si Kisumu. Kabarak iko barabara ya kwenda Ravine, ni chuo cha Kikristo, vaa kwa heshima tu.

Lakini angalia kwanza ni kampasi gani! Vyuo vingi vina kampasi mjini na ingine shambani, na nimeshakutana na mama mmoja Maseno kwa geti jua kali analia kwa simu kumbe lekcha yake iko Kisumu mjini alikotoka.

Pesa ya kurudi iweke mfuko tofauti. Lekcha ikianza saa tisa na nusu, maswali yataisha saa kumi na mbili, na saa moja kuna giza, matatu za mwisho mwisho zinajua unahitaji kwenda na zitakutoza hivyo. Na mvua ya huku magharibi inapenda mchana wa saa tisa kumi, inapiga mabati ya holi mpaka unaona tu mdomo wa profesa ukisonga. Hiyo ni sababu moja ya kukaa mbele.

Geti. Beba kitambulisho, cha asili, picha ya simu wengine wanakataa. Usiseme "nimekuja lekcha", sema jina la mhadhara na jina la holi, na uwe na skrinshoti ya posta. Kuna siku kwa chuo kimoja soja alinizuia robo saa akiniuliza mimi ni mwanafunzi wa nani, nikasema mimi ni umma. Haikusaidia. Skrinshoti ndio ilisaidia. Ukiwa na laptopu andikisha namba yake kwa kitabu cha geti wakati unaingia, tafadhali, hata kama soja amekuambia pita tu, kwa sababu wakati wa kutoka ni soja mwingine na yeye anataka kuona hiyo namba, na utakaa hapo ukieleza jinsi laptopu yako ilivyo yako mpaka matatu ziishe.

Ndani, safu mbili za mbele zenye viti vya vitambaa si zako. Kaa ya tatu au ya nne, pembeni kwa njia, ndio mtu wa maiki akipita akuone. Nyuma kabisa usikae, huko kuna makomredi waliotumwa na mhadhiri wao kuweka sahihi, karatasi ya sahihi ikishapita wanaanza kupungua mmoja mmoja kama maji kwa ndoo imetoboka. Karatasi hiyo ikikufikia andika jina na pale pa taasisi andika kazi yako. Mimi huandika saiba. Na hakuna posho, naomba hiyo ieleweke, kuna watu hukaa mpaka mwisho wakingoja bahasha, hii si semina ya hoteli.

Kuandika, kunja ukurasa wa daftari katikati. Kushoto andika anachosema, kulia andika kinachokugusa wewe. Akisema idadi yoyote, andika idadi na uandike ametoa wapi, kama hakusema ametoa wapi weka alama ya kuuliza, hapo umeshapata swali. Usipige picha kila slaidi, utatoka na picha 60 ambazo hutazifungua na vichwa vya watu viko kwa kila moja. Sikiza mahali anaposema jambo ambalo mtu mwingine mwenye akili angeweza kulikataa. Lekcha yote ya saa nzima huwa ina kama moja au mbili za hivyo, hizo zingine ni kuzunguka tu na mifano. Usipoelewa neno, liandike vile umelisikia, utatafuta nyumbani. Kutoelewa robo ya lekcha ni kawaida, hata hao wa mbele wanatingisha kichwa hawajaelewa yote, niamini.

Sasa swali

Maswali huchukuliwa matatu matatu. Emsii akisema tu tunafungua, inua mkono hapo hapo, kwa sababu raundi ya kwanza ina nafasi na ya pili inaliwa na maprofesa wa nyumbani ambao hawana swali, wana lekcha yao ndogo walikuwa wamebeba. Simama. Jina, kazi, unatoka wapi, hiyo ni sentensi moja. Swali, hiyo ni ya pili na ya tatu. Keti. Ukianza na "mimi sina swali bali nina maoni machache" holi nzima inakuchukia na wana haki.

Liandike swali kabla ya kuinuka na ulisome kama lazima, hakuna aibu. Na swali zuri kwa mtu wa kawaida si kushindana na profesa kwa uwanja wake, utapigwa. Mvute kwa uwanja wako. Ametoa mfano wa mashamba ya Brazil, muulize hiyo ingekuwaje kwa mkulima wa mpunga pale Ahero ambaye maji anayapata kwa zamu. Ameongea kuhusu miji, muulize kuhusu wachuuzi wa soko la Kibuye hapa Kisumu. Ama muulize ni kitu gani akikiona kitamfanya abadilishe mawazo yake, hiyo huwa inawafanya wanyamaze kidogo, halafu jibu linalokuja ndio la ukweli kuliko saa nzima iliyopita.

Kizungu kikikusumbua uliza kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, so hapo hujaomba msaada, umetumia lugha rasmi ya nchi. Mgeni haelewi? Holi limejaa watu wamesoma, mmoja atatafsiri.

Niliona hii kwa macho yangu. Mgeni alikuwa mtaalamu wa maziwa, yaani haya ya maji, ameongea vizuri sana na michoro ya rangi kuhusu joto la maji na mbolea inayoingia ziwani. Akainuka mama mmoja, ana kitambaa kichwani, akasema kwa Kiswahili yeye na wenzake wa chama wana vizimba vya samaki huku ghubani, na asubuhi moja waliamka wakapata ngege wote wanaelea, wakaambiwa ni maji yamekosa oksijeni. Sasa profesa, akasema, wewe umetuonyesha mchoro wa mwaka mzima, mimi naomba kujua usiku ule mmoja ningeona nini kwa macho ndio nijue kesho watakufa. Kulikuwa na vijana nyuma walianza kucheka, ile ya kucheka Kiswahili. Emsii akataka kuendelea na mwingine. Lakini mhadhiri mmoja akamtafsiria mgeni, na yule mgeni akashuka kwa jukwaa, bana, akaacha slaidi zake, akasimama karibu na mama akaanza kumuuliza yeye maswali. Rangi ya maji ilikuwaje? Harufu? Upepo ulikuwa unatoka wapi jioni yake? Samaki walikuwa wanakuja juu kupiga midomo hewani? Mama anajibu, mhadhiri anatafsiri, mgeni anaandika nyuma ya karatasi ya programu. Wakakaa hapo karibu dakika kumi na vaisi chansela anaangalia saa. Akamwambia oksijeni huwa chini kabisa kabla ya mapambazuko, so kama kuna mtu wa kuangalia vizimba asiangalie jioni, aangalie saa kumi, saa kumi na moja ya alfajiri, na akiona samaki wanakuja juu kuhema basi asiwape chakula hiyo siku. Hayo yote hayakuwa kwa slaidi.

Baada ya hapo kuna chai. Ukiona meza mbili, moja ina mandazi na ingine ina kuku, ya kuku ni ya itifaki, usijiaibishe. Mgeni atakuwa amezungukwa na watu wa selfi. Ngoja. Wakipungua, enda, sema jina lako na kitu kimoja kutoka kwa mhadhara ambacho utakifanyia kazi au hukukubali nacho, halafu omba anwani ya imeili. Usimpe wasifu wako, usimwombe skolashipu, usimwambie una mtoto amemaliza fomu foo. Najua. Lakini usifanye, si hapo. Kama unataka skolashipu kuna ofisi za hizo na yeye si mmoja wao. Akiwa na msaidizi au mwenyeji wa idara, chukua namba ya huyo pia, huyo ndiye atabaki ndege ikienda.

Andika imeili ndani ya siku mbili, bado anakumbuka sura. Mistari mitano. Mimi ni nani, nilikuwa holi gani, nilipenda hiki, naomba slaidi au ile karatasi uliyoitaja. Watu hawajui hii, karatasi za wasomi zinauzwa mtandaoni bei ya kutisha, lakini ukimwomba mwandishi mwenyewe mara nyingi anakutumia bila kulipa kitu, na wengi wanafurahi mtu amesoma. Vyuo vyetu vingi pia vina hifadhi ya mtandaoni ya kazi zao, tafuta jina la mzungumzaji humo baada ya wiki chache, na uangalie YouTube ya chuo kama waliirekodi. Sauti huwa mbaya lakini iko.

Na kama uko mbali kabisa, sema uko Mfangano au huko ndani Budalangi na nauli ni shida, unaweza kuanzia kwa simu. BBC ina mihadhara ya Reith tangu 1948, ya redio, mingi ya zamani wameweka mtandaoni bure. Ali Mazrui wetu alitoa ya 1979, sita, kuhusu hali ya Afrika, na Wole Soyinka alitoa 2004. Bando la kusikiza sauti ni kidogo kuliko la video. Mimi kwa saiba siku zingine jioni naweka moja kwa spika, wanaongoja printa wanasikiza, kuna mzee mmoja wa kushona viatu huwa anabisha na Mazrui kwa sauti kubwa mpaka wateja wapya wanadhani kuna vita.

Yule profesa wa maziwa nilimwandikia pia, siku ya pili. Alinyamaza wiki tatu nikajua basi. Halafu ikaja, PDF moja na mistari miwili, akiuliza kama namjua yule mama na kama naweza kumfikishia nakala. Simjui kwa jina, lakini chama cha vizimba si kitu cha kujificha huku, niliuliza kwa watu wa ufuo siku mbili nikampata. Alikuja dukani na binti yake wa kumsomea. Kurasa 14. Nikamwambia mama hii ni bure, imetoka kwa mwenyewe. Akasema karatasi ni yake lakini wino ni wako, akahesabu, akalipa zote, akaitisha nakala nne zingine za wenzake wa chama.